Beseni Chini ya Paa

Asubuhi hiyo mtafiti alitwanga viwavi wa mahindi kwenye kinu kidogo cha maabara, akachuja rojo kwa kitambaa cheupe, akanawa mikono kwa sabuni. Viwavi hao walikuwa wamekufa kwa namna moja: kila mmoja alipanda hadi ncha ya jani, akaning'inia kichwa chini, akalainika mpaka akawa maji. Kirusi kilichowaua kilikuwa kipya, hakijapata kuonwa na mtu. Mtafiti alifurahi, akamkimbilia bosi.

Bosi naye alifurahi, tena kupita kiasi. Habari za kupima zaidi hakutaka kuzisikia. Maji ya viwavi yakatiwa kwenye mabomba, wapulizaji wakaingia shambani. Mmoja wao alikuwa mdogo wake mtafiti, kitinda mimba wa kwao, na kazi hiyo alitafutiwa na dada yake mwenyewe.

"Na barakoa?" mtafiti aliuliza.

"Zile za kabatini ni za siku ya wageni," alisema bosi. "Kirusi cha wadudu hakina habari na mtu."

Kweli, hakuna aliyeugua hata mafua. Ila wiki iliyofuata wapulizaji walianza kupanda juu. Mmoja alikula chakula cha mchana kwenye tangi la maji. Mwingine, mtu mzima na kitambi chake, alikutwa juu ya nguzo ya taa, na mkewe akasema afadhali huko kuliko baa. Bosi aliagiza ngazi.

Mdogo wake mtafiti alichagua paa la maabara. Siku ya Ijumaa alikuwa akining'inia ukingoni kichwa chini, vidole vya miguu vimeng'ang'ania bati.

"Shuka basi, mdogo wangu. Nakuomba."

"Acha wasiwasi, dada. Huku kuna upepo, hata mgongo hauniumi tena."

Mtafiti alimgusa shavu. Kidole kilizama, na alipokitoa, shimo halikujaa.

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Na nikakushukuru, au umesahau?"

Bosi alitoka nje, akatazama juu, kisha chini, ambako tone la kwanza lilikuwa limelowesha saruji.

"Mbona unaacha maji yapotee?" alisema. "Majirani nao wanataka kupuliza."

Mtafiti aliingia ndani. Kabati la barakoa lilikuwa limefungwa. Akachukua beseni na kile kitambaa cheupe, akatoka, akakinga.

"Sogeza kushoto kidogo, dada," mdogo wake alimwelekeza. "Ee, hapo hapo."