Viatu Safi vya Wangeci

Kila Jumamosi asubuhi Githae alifagia chumba cha mbele, akatandika gunia mlangoni, halafu akachukua viatu vyeusi vya marehemu mkewe na kuvipiga kiwi mpaka vikang'aa. Alivipanga kwenye kibao kibarazani, mahali ambapo Wangeci mwenyewe alizoea kuvivulia. Hapo ndipo aliposema moyoni kwamba kikundi kimefunguliwa.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kompyuta. Wangeci alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Eneo la Viwanda, na ofisi ilipotupa mashine zake za zamani, alizileta kwa mkokoteni hadi nyumbani, mtaa wa Landless, akaita watu. Hakuna aliyelipwa. Anayejua alimfundisha asiyejua, na mtu akija na mashine mbovu ilifunguliwa mezani, wote wakaingiza vichwa. Sharti lilikuwa moja tu: vumbi linaua kompyuta, kwa hivyo viatu vibaki nje.

Hata kura zao zilipigwa kwa viatu. Wangeci hakutaka habari ya kunyoosha mikono wala kupanga foleni. "Tulishapangwa foleni za uchaguzi nchi hii," alisema, "na sote tuliona foleni fupi ikishinda." Basi kila mtu alipita kibarazani peke yake, akaacha viatu vyake upande wa kulia au wa kushoto, akaingia. Wakishaingia wote, ndipo viatu vilipohesabiwa.

Githae hakumaliza darasa la tatu. Kibodi aliigusa kwa kitambaa cha kufutia tu. Kazi yake ilikuwa chai, na tangu wakubwa wa kiwanda cha nguo walipokula kiwanda chao wenyewe na kuwatupa nje wafanyakazi, hakuwa na kazi nyingine. Wangeci alifia katika hospitali isiyokuwa na hata pamba. Githae hakujua ni mkubwa gani aliyekula ile pamba, lakini alimlaani kila alipoamka.

Baada ya mazishi watu walianza kupungua. Githae aliwafuata majumbani. Alisimama dukani kwa Uthman mpaka Uthman akaona aibu ya kusema hana nafasi. Alimngojea Ciku nje ya kiwanda cha matunda, zamu ikitoka, wasichana wengine wakimcheka Ciku kwamba amepata mzee. Watu walirudi, si wote, lakini chai ilikuwa inaisha. Wiki nzima nyumba ilikuwa kama imefungwa mdomo. Jumamosi ilisema.

Halafu Kagwe, mwalimu, mwenyekiti, akaja na habari zake za Ruiru.

"Shemeji yangu amejenga," alisema. "Vyumba vya maana, stima haipotei. Hapa maji yanaingia, mzee wetu. Si unaona disketi zinaota ukungu?"

"Maji yanaingia Kenya nzima," Githae alisema. "Ni El Nino. Ama Ruiru kuna mbingu yake?"

"Tutapiga kura. Kulia ni kubaki, kushoto ni kuhama. Vile vile kama siku za mama Wangeci."

"Na mimi?"

"Wewe si mwanachama, mzee. Wewe ni mzee wa chai."

Githae aliinamia stovu, akapampu mpaka moto ukalia.

Siku ya kura ilinyesha tangu alfajiri. Walikuja na matope mekundu mpaka magotini, na viatu walivyoacha kibarazani vilikuwa madonge tu. Gambuti, raba na akala za matairi huwezi kuzitofautisha. Githae alikuwa jikoni, kama desturi ya kura ilivyotaka, mpaka wote wakaingia. Alipotoka na birika akatazama. Safu mbili zilikuwa sawa kwa sawa, jozi kwa jozi.

Alishangaa. Alikuwa amewapiga hesabu kichwani, na kulia kulipaswa kushinda. Uthman ni wa hapa, Ciku ni wa hapa. Na Mbaluka, fundi wa Githurai 45, Wangeci alimfundisha kushika bisibisi akiwa hajui hata kompyuta inawashwa wapi. Huyo hakuwa wa kuulizwa.

Ndani, Kagwe alikuwa anakohoa kikohozi cha mtu anayetaka kuanza mkutano. Githae aliweka birika chini. Alichukua viatu vya Wangeci kibaoni, akaviweka mwisho wa safu ya kulia. Akaingia na chai.

Kagwe alitoka kuhesabu, wengine wakijaa mlangoni nyuma yake. Alihesabu kulia, akahesabu kushoto. Akarudia kulia. Kisha akacheka.

"Jamani, nani huyu alitembea juu ya matope bila kukanyaga chini?"

Ndipo Githae alipoona alichofanya. Katika tope lile lote, jozi moja ilikuwa inang'aa kama meza ya benki. Kiwi ya asubuhi, mkono wake mwenyewe.

"Ngai!" Ciku alisema polepole. "Hivyo ni vya mama."

Hakuna aliyeendelea kucheka isipokuwa Kagwe, naye alinyamaza alipojiona yuko peke yake.

"Mzee Githae," alisema, "pole. Lakini marehemu hapigi kura."

"Kwingine wanapiga, mwalimu. Na wanashinda."

Uthman aliguna. Kuna mtu alisema, "Wacha hiyo, ni ukweli." Lakini Kagwe alikuwa ameshainama. Alishika viatu kwa vidole viwili, akavirudisha kibaoni, na kwa adabu kabisa akasema kwamba kura zikilingana, mwenyekiti ndiye anaamua.

"Nani aliandika hiyo?"

"Ni kawaida, mzee. Kila mahali."

"Hiyo ndiyo shida," Githae alisema. "Kila mahali."

Pikapu ilikuja kabla matope ya kibarazani hayajakauka. Kumbe ilikuwa imeshaagizwa. Mashine zilipakiwa chini ya turubai, na vile vitambaa vya kufuma vya Wangeci, vya kuzifunika, viliachwa kwenye kiti kwa sababu Kagwe alisema huko Ruiru ni mambo ya kisasa.

Jumamosi iliyofuata Githae alifagia. Alipiga kiwi. Alichemsha chai kwenye sufuria kubwa, akamwaga karibu yote. Jumamosi nyingine tena hivyo hivyo. Uthman alipita akamwambia kwamba Ruiru wamepaka ubao kwa rangi, umeandikwa chuo, na watu wanaingia na viatu.

"Wewe ulienda?"

"Mara moja. Kuna msichana mlangoni anauliza umesajiliwa wapi."

Mvua zilipokuwa zinaisha, Mbaluka alitokea amekumbatia skrini iliyofungwa kwa gunia. Alisimama kibarazani, akavua raba zake bila kuambiwa.

"Nimekuja tuifungue, mzee. Kule hawataki tufungue kitu. Ni kukaa na kulipa tu."

Githae alimtazama. "Siku ile viatu vyako vilikuwa upande gani?"

Mbaluka alitazama skrini yake.

"Kushoto, mzee."

"Kagwe alikununua?"

"Aca! Hakuna aliyeninunua. Kutoka Githurai, Ruiru ni karibu. Nilifikiria tu nauli."

Githae alingoja hasira imjie kwa Mbaluka, ikakataa. Ikaenda kwa Kagwe na kwa wakubwa, mahali ilipozoea. Nani aliyepandisha nauli? Si wakubwa hao hao?

"Ingia," alisema.

Alimmiminia chai bila sukari. Kijana alipoinama juu ya skrini na bisibisi yake, Githae alitoka kibarazani. Raba zilikuwa kulia, karibu na viatu vya Wangeci. Akaziinua, akazipeleka kushoto, akazipanga vizuri. Kisha akarudi ndani kuwasha taa, maana mtu hawezi kuona skrubu gizani.