Nusu Mlingoti

Jana niliota nimeingia darasani kufundisha Uraia, kama kawaida, na wanafunzi wote walikuwa bendera.

Sikushangaa. Niliita mahudhurio. Chadi na Romania walikaa dawati moja, na kila mmoja aliitikia jina la mwenzake. Wanafanana mno, nikawaacha. Nepali alisimama ukutani, kwa kuwa madawati yametengenezwa kwa ajili ya wenye pembe nne. Msumbiji nilimwomba aache bunduki nje. Akasema hawezi, ni sehemu ya ngozi yake. Nikamwambia basi asiielekeze kwa wenzake.

Nikaanza somo.

"Bendera yetu. Kijani ni ardhi na mimea. Bluu ni maji. Njano ni madini. Nyeusi ni watu."

Bendera ya Tanzania, iliyokuwa imekaa mbele, ikanyoosha pembe.

"Mwalimu, watu gani?"

"Wananchi."

"Wataje."

Nimefundisha somo hilo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikawataja majirani zangu wa Tukuyu. Nikawataja walimu wenzangu. Nikaishiwa.

"Hujamtaja mama yako," ilisema bendera.

"Mama amefariki. Tumemzika Jumamosi."

"Najua. Yuko kwangu. Ingia."

Ninaingia. Mstari mweusi kumbe ni barabara, tena ya kupanda, kwa sababu umechorwa kimshazari. Kushoto kwangu, ng'ambo ya ukingo wa njano, kuna migomba na chai mpaka macho yanapokomea. Kulia kuna maji. Barabarani watu wamejaa na wote wanapanda. Kule chini, karibu na mlingoti, watoto wachanga wanatambaa. Kadiri ninavyopanda, watu wanazidi kuzeeka na upepo unazidi kuwa mkali.

Mwisho wa barabara hakuna ukuta wala geti. Barabara inachanika tu, nyuzi nyuzi, na upepo unaondoka na nyuzi hizo. Watu wa huku wameshikana mikono.

Mama yupo wa mwisho kabisa. Begani ana kitambaa chake cha kuepulia sufuria, kile kilichoungua pembe moja.

"Mama, mbona uko huku penye upepo?"

"Ndiko tunakosogezwa. Bendera huanzia kuchakaa huku, mbali na mlingoti. Hukuwaambia wanafunzi wako?"

"Sikuwaambia."

"Wageni walikula?"

"Walikula. Wengine walifungasha."

"Vizuri. Na wewe, ulilia?"

"Nilikuwa nagawa chakula."

Uzi mmoja ukachomoka kwenye mkono wa gauni la Mama, ukaenda zake. Ndipo nikaona kwamba mkono wenyewe umekwisha kuanzia kiwiko.

"Unaumia, Mama?"

"Siumii. Napungua tu."

Nikageuka, nikateremka mbio, nikiwapisha wanaopanda, mpaka kwenye mlingoti. Nilipogusa chuma chake nilikuwa nimesimama nje, kwenye nyasi, na bendera iko juu yangu. Ilikuwa imelegea kidogo, haijafika kileleni.

"Naomba ishuke nusu," niliuambia mlingoti. "Huku chini upepo ni mdogo. Mama atadumu."

"Nusu mlingoti ni kwa viongozi," ulijibu mlingoti. "Mama yako alikuwa nani?"

"Tupokigwe."

"Cheo chake?"

"Mama yangu."

Mlingoti ukafikiri. Una uwazi ndani, kwa hiyo unapofikiri husikika upepo ukipita.

"Sina kanuni inayosema hicho si cheo," ulisema mwishowe. "Ila ninayo nyingine. Bendera haianzii nusu. Hupandishwa kwanza mpaka kileleni, ndipo hushushwa."

"Huko juu upepo utammaliza."

"Ndivyo inavyofanyika."

Nilishika kamba. Ningeweza kuiachia. Mama angebaki pale pembeni, akipungua uzi kwa uzi, na mimi ningeendelea kufundisha kwamba nyeusi ni watu.

"Mama," niliita, "nivute?"

"Vuta, Subi," sauti yake ilitoka juu. "Nimechoka kusimama."

Ninavuta. Nasikia nyuzi zikikatika, moja moja, mlio uleule wa Mama alipokuwa akimaliza kushona na kukata uzi kwa meno. Bendera inagonga kileleni. Kisha ninaishusha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia mgongoni. Katikati inasimama yenyewe. Upepo unatulia. Natazama ncha ya mstari mweusi. Mahali pa Mama hapana mtu.

"Hapo juu sasa pamebaki patupu," nilisema.

"Si patupu," ulisema mlingoti. "Hiyo ndiyo maana ya nusu. Pale juu huachiwa bendera ya aliyekufa. Kwa kawaida haionekani."

Nikainua macho. Kitambaa cha kuepulia sufuria kilikuwa kinapepea kileleni, na pembe yake iliyoungua ilikuwa imenyooka kuelekea milimani.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mpaka sauti yangu mwenyewe ikaniamsha.

Mto ulikuwa umelowa. Hilo peke yake lisingenishughulisha. Mtu anaweza kulia usingizini. Nikaoga, nikavaa, nikaondoka kwenda shuleni. Mbele ya ofisi ya kata nilimkuta Ambakisye, mgambo, akihangaika na kamba ya bendera. Jasho lilikuwa linamtoka ingawa kulikuwa na ukungu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimeikuta imeshuka nusu. Naipandisha, inarudi palepale. Tumesikiliza redio, hakuna msiba wowote mkubwa uliotangazwa. Mtendaji ananiuliza nani amekufa, sina jibu."

"Mwambie ni Tupokigwe," nilisema.

Ambakisye alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi Jumamosi. Akatazama juu, akatazama kamba mikononi mwake, kisha akaifunga palepale ilipokuwa.