Msumeno Ulioonja Mninga

Enzi msumeno wa Aristides ulipokuwa mzima, kwa mngurumo wake kuku wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wakitaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Anayebisha aende akawaulize kuku. Ni msumeno wa mnyororo wa kizamani, chuma kitupu, mzito kama ndama, na ulimi wake mrefu kuliko wangu, jambo ambalo watu wa Kirushya husema haliwezekani.

Siku moja, Irine mjukuu wake akiwa bado hajazaliwa, Aristides aliuzamisha kwenye gogo la mninga uani kwake. Alikuwa amemwahidi mkewe, Rozalia, kitanda. Msumeno ukafika katikati ya gogo, ukalia kama mbuzi aliyekanyagwa, ukanyamaza. Kigia kinachozungusha mnyororo kilikuwa kimekatika meno. Tulikitafuta kipuri Ngara, tukakitafuta hadi Mwanza, na huko tukaambiwa wanaovitengeneza walikwisha acha zamani.

Vijana wakaja na misumeno yao kutaka kumalizia. Aristides akawafukuza. "Msumeno ulioonja ndio utakaokula," alisema, na Aristides akishasema kasema. Basi gogo likakaa, miaka na miaka. Rozalia akalifunika magunia, akaligeuza kiti cha kuchambulia maharage. Ule mkato wa msumeno ukawa kabati lake: vijiko, kitana, sindano ya kushonea magunia.

Mimi tangu nistaafu udereva, kazi yangu ni kufufua misumeno ya namna hiyo. Sikuisomea popote. Nimejifunza kwa kufungua, kufunga, na kushangaa skrubu zilizobaki mkononi. Huu wa Aristides nilikuwa nimeushughulikia wote. Nilisafisha kabureta, nikakata kiwambo kipya cha kusukumia petroli kutoka kwenye glovu ya mpira, nikapata ringi za pistoni, na plagi ikawa inatoa cheche za kuchomea nyama. Kikabaki kigia tu.

Rozalia naye alikuwa mteja wangu kwa namna yake. Kila kiangazi huja na kopo kuomba oili chafu. "Ya nguzo za banda la kuku, shemeji. Mchwa wananimaliza." Nampa. Sijawahi kumnyima mtu uchafu.

Jumatano moja akaja bila kopo.

"Shemeji, Irine wetu anaolewa wiki ijayo, na kuni sina. Jumamosi yule kijana Paschal anakuja na msumeno wake mpya. Gogo lile linakuwa kuni."

"Mwenyewe anajua?"

"Nimemwambia. Amegeukia ukutani tangu asubuhi. Hata uji hajagusa."

Nilikwenda. Aristides hakugeuka. Miaka yote ile alitaniwa na kijiji kizima naye akicheka, maana gogo lilikuwepo na ahadi ilikuwa hai. Likiingia jikoni, ingebaki nini? Nikauambia mgongo wake, "Inuka unywe uji. Jumamosi utakata." Nilisema hivyo kigia kikiwa mfukoni, mapengo kama kinywa changu.

Kesho yake nikapanda basi la Biharamulo.

Biharamulo yuko mwanamke anaitwa Jovina. Wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Ng'ombe akawaachia wadogo zake, yeye akachukua mashine ya kukerezea chuma. Watu wananijua kwa kuongeza chumvi, lakini nikifika kwa Jovina chumvi huniishia. Nasimulia nilichoona tu, na bado hawaniamini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umeleta chuma au hadithi?"

"Chuma. Hadithi inakuja nyuma kwa miguu."

Akakipokea kigia, akakifuta kwa kanga, akakigeuza mwangani. "Yalikuwa meno kumi na mawili. Haya yaliyobaki nayo yanajikongoja."

"Utaweza?"

"Kaa pale kwenye kreti, babu, na usiniongeleshe."

"Nikae kimya?"

"Jaribu. Muujiza wa kwanza leo uwe wako."

Akakata kipande cha shafti ya lori, chuma kilichobeba mizigo kupanda milima ya Ngara bila kukatika. Akakifunga kwenye mashine. Chuma kikaanza kumenyeka kama ganda la viazi, utepe wa buluu ukajisokota hadi miguuni kwangu. Mimi moyoni nikawa nasema sawa, mduara umeupata, lakini meno je? Utayapangaje yalingane, bila ile mashine ya kugawia waliyo nayo mafundi wakubwa?

Jovina akanyoosha mkono ukutani, akatungua gia ya pedeli ya baiskeli, ile kubwa. Akaifunga nyuma ya mhimili wa mashine, akaiwekea kikomeo cha kuingia kati ya jino na jino.

"Hii ina meno arobaini na nane, babu. Nikisogeza manne, nakata jino moja. Nikimaliza mzunguko nina kumi na mawili, na hakuna la kumwonea mwenzake wivu."

Kisha akanoa kisu cha chuma kwa umbo la pengo la jino, akawa anakisukuma kwa mkono, mbele nyuma, kama seremala anayeranda ubao. Hakuharakisha. Jasho lilipomfika kwenye kidevu alilifuta kwa bega. Alipomaliza akakizika kigia kwenye mkaa hadi kikawa rangi ya nyanya iliyoiva, akakitumbukiza kwenye mafuta. Akakipasha tena kidogo, mpaka kikapata rangi ya nyasi kavu. "Nisipofanya hivi kitavunjika kama chupa," akasema. Akapitisha tupa juu ya jino, tupa ikateleza bila kuuma.

Nilikuwa sijasema neno mchana kutwa. Mashahidi wapo.

"Siku ya kukata nipigie," akasema. "Nataka nikisikie. Kigia kilichokaa vizuri hakilii."

Ijumaa nikakifunga kigia, na Jumamosi nikaubeba msumeno hadi kwa Aristides. Nilimkuta Paschal uani, msumeno wake mwekundu begani. Rozalia alikuwa amekaa juu ya gogo. Aristides alisimama mlangoni na koti lake la kanisani.

"Mzee," Paschal akaniambia, "huo ni msumeno, au trekta iliyonyimwa magurudumu?"

"Shika suruali yako, mwanangu."

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, ukakohoa. Paschal akacheka. Aristides akatazama chini. Nikavuta kwa nguvu zote za pensheni yangu, na hapo migomba ikakunja majani, mbuzi wa jirani akajifungua kamba mwenyewe na kukimbilia Burundi. Hajarudi.

Rozalia akainuka. Taratibu akatoa vijiko kwenye ule mkato, akatoa kitana, akatoa sindano, akavifunga kwenye pembe ya kanga. Nilikuwa nimemkabidhi Aristides msumeno; alimsubiri, ukinguruma mikononi mwake. Mwishowe Rozalia akavuta magunia, akasogea pembeni.

"Haya, mzee."

Mnyororo ukaingia kwenye njia yake ya zamani bila kugusa kingo. Nikampigia Jovina, nikainua simu juu.

"Hakilii!" Jovina akapiga kelele kutoka Biharamulo. "Babu, kigia changu hakilii!"

Gogo likaachana. Aristides akazima, akainama, akachota unga wa mbao kiganjani. Mwekundu, mkavu, unanukia. Hakuna hata tundu la mchwa. Nikapita upande wa chini, nikaona gome lote limekuwa jeusi na kung'aa, limekunywa oili kiangazi baada ya kiangazi.

"Shemeji," nikasema, "nguzo za banda la kuku zinaendeleaje?"

"Paschal!" Rozalia akageukia upande mwingine. "Mkaratusi uko kule bondeni. Unasubiri nini hapa? Kuni zitajikata?"

Paschal alikuwa amechuchumaa mbele ya msumeno mkongwe, kofia mkononi. "Mama, naomba nikaukate na huu."

"Thubutu," akasema Aristides.

Rozalia akamtazama mumewe, unga wa mninga umemjaa kwenye nyusi.

"Kitanda kiwe kipana," akamwambia. "Ukinigeukia ukutani tena, nataka uchoke njiani."