Jina Chini ya Kiraka

Tangu asubuhi Mahira hakutulia. Akikaa mbele ya kompyuta, anainuka. Akiinuka, hana anachokifuata. Chai ilikuwa imepoa mezani, na mamake, aliyekuwa jikoni akiepua mkate wa sinia, alikwisha kumwuliza kama ana homa.

Homa hakuwa nayo. Alikuwa na kiraka cha binamu yake Ubaid.

Watu wa kazi hii ya kuandika programu huita kiraka yale mabadiliko machache yanayotumwa ili yatiwe katika kerneli, moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta. Hakiingii mpaka mtu mwingine akikague hadharani na kuandika jina lake chini yake. Ubaid alikuwa ameahidiwa kazi na kampuni moja ya ng'ambo, ila walitaka kwanza waone kiraka chake kimekubaliwa. Lililobaki ni jina la Mahira. Na ni Ubaid huyo huyo aliyemfundisha kazi hii, akimjia hapa mtaani Barani kila alasiri huku jamaa wakimcheka kuwa anapoteza wakati wake.

Simu ikalia.

"Mahira, umekiangalia?"

"Nakiangalia, kaka."

"Hebu tia jina basi. Wenyewe wananingoja."

"Inshallah," akasema, na papo hapo akajichukia. Inshallah ile ilikuwa ya muhali, ya mtu anayeshindwa kusema hapana.

Kiraka kilikuwa na dosari. Kerneli huipelekea diski data vipande vipande, na kila diski husema mwisho wake ni kipande cha ukubwa gani. Ubaid aliandika kwamba diski ikitaja kipande kidogo kuliko ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya kompyuta, isisikilizwe, ipewe ukurasa mzima. Kwenye kompyuta yake hilo halina neno, kurasa zake ni ndogo. Lakini ziko kompyuta zenye kurasa kubwa, na huko ni kumlisha mtoto mchanga tonge la baba yake.

Labda nakosea mimi, Mahira alijiambia, na moyoni aliomba iwe hivyo. Akawasha mashine yake yenye kurasa kubwa, akachomeka kadi ya zamani ya kuhifadhia data, inayotaka vipande vidogo, akaweka kiraka, akanakili humo picha za harusi ya dada yake. Mashine haikulalamika hata kidogo. Alipozifungua, bibi harusi alikuwa na nusu ya uso, na iliyobaki ni michirizi ya kijivu.

Aliogopa. Watu wangepoteza vitu vyao bila hata kuonywa, na jina lake lingekuwa pale chini. Akaandika mbele ya wote kwamba hawezi kukikubali, akaeleza sababu, akatuma kabla muhali haujamrudia. Mamake naye, asiyejua hili wala lile, alikuwa ameshapeleka sahani ya mkate kwa wifi yake, Bi Mwanabibi, mamake Ubaid.

Mchana wote simu haikulia. Mahira alifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Alasiri Hafswa, dada yake Ubaid, akairudisha sahani. Alisalimu mlangoni, akaiweka, wala hakuketi. Sahani ilikuwa imeoshwa ikatakata, na ndani hamna kitu: si kaimati, si kisheti, si hata ndimu.

Mamake aliichukua. "Tangu niolewe, wifi yangu hajapata kunirudishia sahani tupu," alisema. "Umewafanya nini?"

Mahira alirudi chumbani akakuta Ubaid ametuma kiraka upya, mpaka wa diski umeheshimiwa, na mbele ya wote ameandika kuwa kosa liligunduliwa na Mahira, anamshukuru. Pembeni alikuwa amemtumia ujumbe yeye peke yake: "Kampuni haikungoja, wamechukua mwengine. Mama amekasirika. Mimi la. Kagua."

Alilia kidogo. Kisha akakagua kila mstari, akanakili zile picha tena, na bibi harusi akatoka mzima. Hapo akaandika jina lake.

Akaenda jikoni, akaichukua ile sahani tupu, akamwuliza mamake unga wa mchele wa kupikia mkate uko wapi.

"Mara hii," alisema, "nitampelekea shangazi mimi mwenyewe."