Pembeni mwa Picha

Uvumi ule Loisi aliupata kwenye soko la unga karibu na stesheni, ukamwingia kama mchanga unavyoingia kwenye pindo la nguo: ukung'ute utakavyo, punje zinabaki. Aliyemletea ni Emilia muuza unga, kibaba mkononi, macho kwa wateja. Alisema kule Msalato palikuwa na mpagazi aliyepigwa picha na wenzake, akasimama mwisho wa mstari. Picha ilipozidi fremu, Mzungu akachukua mkasi akampunguza. Mvua za mwaka ule hazikumkuta hai.

"Aliugua?" Loisi aliuliza.

"Augue nini? Alikatwa."

"Wewe ulimwona?"

"Mama Anyesi, mimi nauza unga, sizunguki makaburini. Nakuambia nilivyoambiwa."

Loisi alicheka, akajitwisha mzigo wake, akaondoka. Lakini kicheko kiliishia mdomoni. Alikuwa amezaa watoto watatu na kuzika wawili. Aliyebaki ni Anyesi, binti aliyekwisha kuposwa, harusi yake ikingoja mavuno ya uwele. Na Anyesi alikuwa amepigwa picha siku nane zilizopita.

Haikuwa picha yake hasa. Bwana mpiga picha, Mdachi mmoja mpitaji, alipanda juu ya jabali alfajiri na sanduku lake la miguu mitatu, akitaka kuipata nchi yote kwa mara moja: mlima wenye mgongo kama wa ng'ombe, mbuga zilizolala chini yake, ukungu mwepesi, mbingu. Anyesi alikuwa anarudi na kibuyu cha maji. Alipoona mtu ameingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, alisimama kwa mshangao. Akasimama palepale ambapo hakupaswa kusimama.

Mwaka ule ulikuwa wa pili tangu reli ifike Dodoma. Maji ya visima vya mjini yalikuwa ya chumvi, na chumvi ile iliganda ndani ya tumbo la gari moshi mpaka likakohoa kama mzee. Kwa hiyo palikuwa na bwana wa maji, aliyezunguka juu ya nyumbu kijiji hadi kijiji akitafuta maji matamu. Alikoyapata, siku ya tatu palizungushiwa waya, akasimama askari, na wenye ng'ombe wakaambiwa wahame.

Watu wa kina Loisi walikuwa na maji matamu. Yalikuwa kwenye korongo chini ya mlima, kisima cha kuchimba mchangani, kikifunikwa matawi ya miiba kila baada ya kuchota. Wanawake walikwenda huko kwa kukanyaga mawe, na hakuna aliyepita mahali pamoja mara mbili, ili isitokee njia. Pembeni mwa kisima paliota majani, ukanda mwembamba usiozidi ngozi mbili za ng'ombe, mabichi hata kiangazi kikali. Kwa mbali ungedhani ni kichaka.

Asubuhi ile, uvumi wa Emilia ukiwa bado unamkwaruza, Loisi alipeleka vibuyu viwili vya maji kwa Abbasi kama kawaida yake. Abbasi alikuwa fundi wa yule mpiga picha, kijana wa Kondoa, mzaliwa wa Kolo, aliyejifunza kazi ile pwani. Bwana wake alikuwa amepanda gari moshi kwenda Tabora na vioo vyake vyote vya kuchapia picha, akamwachia picha moja ya karatasi aipake rangi na kuipunguza ukubwa. Picha haziogi maji ya chumvi. Zikioga, zinatoka na ukurutu mweupe. Ndiyo maana alimhitaji Loisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mrangi. Hujala asali leo? Naona umekonda," alimtania, kama Wagogo wanavyowatania Warangi.

"Asali nimewaachia Wagogo, mpate cha kutusengenyea. Haya maji, mama, unayatoa wapi hasa?"

"Kwa Mungu."

"Kila siku kwa Mungu! Siku moja nipeleke nikamsalimu."

Walicheka. Kisha Abbasi akaondoa kitambaa juu ya meza, na Loisi akasahau kicheko, akasahau na vibuyu.

Nchi yake ilikuwa imelala pale, si pana kuliko ungo. Mlima alioutazama tangu alipokuwa akibebwa mgongoni ungeweza kufunikwa kwa kiganja. Matembe ya watu wake yalikuwa kama chawa kwenye shuka. Kila kitu kilikuwa kijivu, kama nchi iliyopakwa majivu ikangoja kuamshwa. Na kule kulia, karibu na ukingo, binti mwenye kibuyu kichwani, mdogo kama punje ya mtama. Loisi alimjua kwa alivyoegemea mguu mmoja.

"Ni Anyesi," alisema kwa sauti ya kanisani.

"Ni yeye? Basi nisaidie. Bwana anataka rangi za alfajiri, tena laini, zisipige kelele. Mimi siku ile nilishika nyumbu. Sikuona kitu. Mbingu ilikuwaje?"

Loisi hakuwahi kuulizwa mbingu ilikuwaje. Alifumba macho. "Chini, kama ndani ya mdomo wa ndama. Halafu inapauka. Juu kabisa ni kama ganda la yai la kanga."

Abbasi alichovya brashi nyembamba kwenye maji, akagusa rangi, akaipitisha. Na ikawa. Waridi ilipanda kutoka mgongoni mwa mlima kama pumzi. Loisi alishika ukingo wa meza.

"Na mbuga?"

"Manyoya ya simba. Hapana, simba mzee. Na kwenye kivuli tia zambarau kidogo, kama kinywa cha mtu aliyekula zambarau jana, siyo leo."

Abbasi aliguna kwa furaha, akatia. Walifanya kazi hivyo mpaka jua likafika kizingitini, yeye akiuliza, mama akitaja, na nchi ikirudi hai kipande kwa kipande. Loisi alihisi amesimama nyuma ya Mungu siku ile ya kwanza, akimnong'oneza kinachofuata.

"Na hivi vichaka nyuma ya binti?"

"Siyo vichaka, ni majani," Loisi alisema, bado amelewa. "Mabichi, kama mtama uliochipua jana."

Brashi ilishuka. Ukanda mdogo wa kijani ukawaka nyuma ya Anyesi, na katika nchi yote ile ya simba mzee jicho halikuwa na pengine pa kwenda.

Abbasi alirudi nyuma hatua moja. "Mashallah. Bwana wa maji atafurahi."

"Nani?"

"Bwana wa maji. Picha hii ni zawadi yake. Itaning'inia ofisini, mbele ya meza yake."

Loisi alitazama tena ule ukanda wa kijani. Kwa miaka mingi wanawake walikanyaga mawe, wakachubuka nyayo, ili korongo lisiwe na njia. Na yeye ameichora njia kwa ulimi wake, kwa dakika moja ya kusifiwa macho.

"Ifute."

"Nifute nini?"

"Hiyo. Ifute, mwanangu, nakuomba."

Abbasi alimtazama. Akatazama kijani. Akatazama vibuyu viwili mlangoni, vinavyotoa jasho la ubaridi. Kijana wa Kolo hakuwa mjinga. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe Mungu anakaa hapa," alisema.

"Utasema?"

"Mimi nimeyaoga maji hayo mwezi mzima. Nimwambie nani?"

Alijaribu kufuta kwa pamba yenye maji. Karatasi ilianza kuchubuka. Alijaribu kupaka hudhurungi juu ya kijani. Ikatoka rangi ya udongo uliolowa, mbaya kuliko mwanzo. Aliweka brashi chini. "Rangi imekwisha kunyweka. Na kioo chake kiko Tabora, siwezi kutoa nyingine. Kilichobaki ni kukata ukingo."

Alileta vipande viwili vya karatasi ngumu, kila kimoja kimepinda kama kiwiko, akavipanga juu ya picha vikafanya dirisha. Bwana alikuwa amempa urefu na upana. Mahali pa kukata alimwachia yeye. Akalisogeza dirisha. Liliposhuka, mbingu ilipotea na mbuga ikawa nzito, nchi ya kufanyia kazi. Lilipopanda, mbuga ikawa uzi na mbingu ikala kila kitu. Loisi alitazama kwa kicho. Nchi ni ile ile, haijasogea hata jiwe, lakini kila dirisha lilitoa nchi nyingine, na kila moja ilisema kweli.

Dirisha likaenda kulia, kijani kikabaki. Likaenda kushoto, kijani kikatoka. Na Anyesi akatoka nacho.

"Hapo," Abbasi alisema. "Vidole viwili tu."

"Hakuna namna ya kumwacha yeye?"

"Amesimama juu yake, mama."

Ndipo Loisi akamweleza habari ya mpagazi wa Msalato. Aliieleza kwa aibu, akitazama sakafu, maana alikuwa mbatizwa na alijua padre angesema nini. Abbasi hakucheka.

"Kwetu Kolo," alisema, "kuna picha kwenye miamba. Watu wekundu, warefu, wembamba. Hakuna aliyezikata. Hata mvua haizifikii. Na wenyewe wamekufa wote, mama, hatujui hata majina yao."

"Wamekufa," Loisi alisema, "lakini bado wamesimama."

Kijana aliliweka dirisha sawa tena.

Loisi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Binti yake alikuwa amesimama katika alfajiri isiyokwisha, mguu mmoja umelegea, nyuma yake majani ya kisima kinachonywesha ng'ombe wa watu mia. Kumwacha pale ni kuwaita waya na askari, na maji yakiondoka, Anyesi ataolewa aende kunywa nini? Kumtoa ni kumtoa. Alitafuta dirisha la tatu. Alitafuta muda mrefu.

"Kata," alisema. "Lakini usikate kwa mkasi. Na kipande usikidondoshe chini. Nipe mkononi."

Abbasi aliweka rula, akapitisha kisu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayefungua ganda la karanga. Loisi alikipokea kipande kwa viganja viwili, kama anavyopokewa mtoto, akakifunga ndani ya upindo wa nguo yake. Nyumbani alimkuta Anyesi anatwanga. Alimtazama hadi binti akauliza, "Mama, nina nini usoni?"

Kila asubuhi baada ya hapo alisikiliza kifua cha binti yake. Alipokohoa, Loisi aliacha kula. Mvua za kwanza zilinyesha, Anyesi akiwa ndani yake, amelowa, anacheka.

Picha ilipotundikwa hatimaye, wakati wa mavuno ya uwele, Abbasi ndiye aliyemletea habari. Bwana wa maji alikaa mbele yake, akavua kofia. Halafu alisema neno moja kwa mwenzake, na Abbasi, aliyejua Kijerumani cha kubahatisha, akalishika: nchi nzuri sana, na haina mtu.

"Alisema hivyo? Haina mtu?"

"Alisema hivyo, mama. Na mwenzake akaandika, kama nchi isiyo na mwenyewe."

Loisi alitazama mlima, na matembe chini yake, na moshi wa asubuhi ukitoka kila paa. Jioni ile, wanawake wakiwa wamekusanyika kuchambua uwele wa harusi, aliwaambia haya, mmoja baada ya mwingine, na hakueleza sababu:

Usipite mawe yale yale mara mbili.

Usiende na kibuyu kilicholowa mahali wanapokunywa maji ya chumvi.

Usitaje rangi ya kitu kabla hujajua nani anakwenda kuitazama.

Usifurahi kuulizwa ukasahau unachoulizwa.

Usiniulize kipande kiko wapi.

Na wakija tena na sanduku la miguu mitatu, usisimame pembeni.