Asali ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaamini hakuna ugonjwa wa tumbo usioogopa asali. Wanawe wote aliwalambisha, na leo, anasema, wana matumbo ya kusaga mawe. Basi mwanangu wa miezi saba alipoanza kuharisha, nilirudi kutoka zahanati nikamkuta mama mkwe mlangoni na chupa yake ya asali mkononi.

Nesi alikuwa ameshanikataza. Asali ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka, alisema. Akanipa pakiti za dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji safi, nimnyweshe kidogo kidogo huku nikiendelea kumnyonyesha. Asipokojoa mpaka adhuhuri, nimrudishe mbio.

Nikamweleza mama mkwe kwa adabu zangu zote, ambazo si nyingi. Akanuna. Akasema sisi wa siku hizi tunajifanya tumejizaa wenyewe. Mume wangu, seremala asiyeogopa msumeno, ghafla akakumbuka kuna nyundo ya kutafuta uani.

"Mama," nikasema, "nichukie mimi, lakini asali haingii kinywani mwake."

Aliniangalia sana, kisha akaiweka chupa juu ya kabati.

Nikaanza kunywesha. Kijiko cha kwanza mtoto alikitema, cha pili kikaishia kifuani kwangu. Midomo ilikuwa imemkauka, na tangu alfajiri alikuwa hajakojoa. Nikalia mbele ya mkwe wangu bila haya.

Akaninyang'anya kijiko. "Mtoto hanyweshwi kama ng'ombe kisimani. Lete huyo."

Akampakata, akamwimbia upuuzi wake kuhusu mbuzi mvivu. Kila mara mtoto alipoachama kwa mshangao, maji kidogo yakapita. Alipotapika, mama mkwe alimfuta, akasubiri, akaanza upya mbuzi wake. Mimi subira hiyo sina, na siku ile niliipenda kuliko dawa yoyote.

Adhuhuri ikakaribia. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kurudi zahanati pale wimbo ulipokatika. Mama mkwe akatazama mapajani mwake. Gauni lake jipya lilikuwa limelowa mpaka magotini.

"Amekojoa," akasema.

Mume wangu akaja mbio kutoka uani, tukasimama kulitazama lile gauni, tukicheka kama wendawazimu. Nikamletea lingine abadilishe.

Akalisukuma kando. "Niache kwanza," akasema, "majirani hawajaliona."