Uzi Unaoyeyuka

Fundi hakuogopa kisu. Wenzake wodini walidhani ndicho kilichomtia hofu, kwa jinsi alivyokataa kuinuka kitandani, lakini kisu kilishapita. Tena kilipokuwa kinapita yeye alikuwa macho, kiuno kimekufa ganzi, akisikiliza vyombo vikigongana kwenye sinia kama mikasi kwenye meza ya kukatia. Alichokiogopa ni mshono.

Alikuwa fundi cherehani, na jina la kazi lilikwisha kulimeza jina alilopewa na wazazi. Hata mumewe alimwita Fundi. Katika chumba chake cha kushonea, chenye vyerehani viwili na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, palikuwa na sheria moja ambayo wateja waliizoea na kuitania, na hata wodini alikwisha kuisimulia: nguo iliyoshonwa leo haivaliwi leo. Inatundikwa mpaka kesho, uzi utulie, kitambaa kijue mahali pake. Mteja alie, abembeleze, aape kwamba sherehe ni jioni hiyohiyo, nguo ingetoka asubuhi. Na nguo zake hazikuwa na tabia ya kurudi.

Sasa mshono ulikuwa wake mwenyewe, umepita chini kabisa ya tumbo, umefunikwa kwa bandeji nyeupe. Akaamua kuulaza. Alikunja magoti ili ngozi isivutwe, hakugeuka kushoto wala kulia, na kikohozi kilipomjia alikimeza kama dawa chungu.

Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa upande wa pili wa korido.

Tumboni alikuwa amejilaza mlalo, bega limetangulia, akagoma kugeuka; ndiyo maana ikabidi mama yake apasuliwe. Alipotolewa alikawia kulia. Fundi aliona kisogo kimoja chenye nywele zilizolowa kikipita mbele ya macho yake, kisha mlango ukafungwa. Tangu hapo hakuwa amemwona tena. Habari zilizoletwa zilikuwa njema: anapumua vizuri, rangi imerudi. Ila alikuwa mlegevu, na bado alihitaji joto la chumba cha watoto. Kunyweshwa kwa kikombe kulimchosha upesi, na maziwa yenyewe aliyokamua mama yake yalikuwa matone ya kulowesha kijiko tu.

"Anakutaka wewe, hataki kikombe," alisema muuguzi wa zamu, mama mnene asiye na haraka. "Akikamata titi, maziwa yatashuka. Lakini yeye haji huku. Wewe ndiye wa kwenda."

"Nitakwenda kesho, sista."

"Jana ulisema kesho."

"Na leo nasema kesho. Sijabadilisha neno."

Kwenye kitanda cha pili, mwanamke waliyembatiza Redio, kwa kuwa hakuwa na kituo cha kuzimia, aliangua kicheko huku amekumbatia mto tumboni. Naye alipasuliwa, siku moja na Fundi, na tayari alikuwa akizunguka wodi nzima na mto wake.

"Redio, usinichekeshe," Fundi alisihi. "Nitafumuka."

"Utafumuka wapi, wewe? Mimi mtu yeyote akiniona anadhani nimeiba mto, lakini natembea."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

"Usufi gani? Na mimi si nimekatwa palepale?"

Muuguzi alisubiri wamalize. "Damu ikilala miguuni inaganda, Fundi. Si vizuri. Wote waliopasuliwa wanaamka, taratibu, tukiwashika." Hakumgombeza. Alimnyoosha mguu mmoja, akaukanda, akaurudisha, akaenda kwa wengine.

Kilichomzidishia Fundi hofu kilitoka kwa daktari mwenyewe. Asubuhi alipopita, Fundi alimuuliza kama anavyomuuliza muuza nyuzi: umetumia uzi gani? Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alifurahi kuulizwa.

"Uzi unaoyeyuka," alisema. "Hatuna haja ya kuja kuutoa. Unakwisha wenyewe humohumo mwilini."

Akaenda kitanda kinachofuata akiwa na hakika amemtuliza mtu. Fundi alibaki akitazama dari. Uzi unaoyeyuka! Yeye aliwahi kumrudishia muuzaji boksi zima kwa sababu uzi wake ulikatika ukilowa. Na huyu anautia ndani ya mtu, mahali pasipokauka hata siku moja, kisha anatembea huku anatabasamu.

Mama mkwe wake aliingia saa ya kuona wagonjwa, ameshika chupa ya uji mkono mmoja na mkoba mkono mwingine. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na alikuwa amezaa wote wa kwake bila kisu, jambo ambalo Fundi alilisubiri litajwe tangu siku ya kwanza. Halikutajwa. Alichosema bibi yule alipoambiwa habari za upasuaji ni kwamba mjukuu wake ameona foleni mlangoni akapita dirishani.

"Umeamka, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Haya." Alimimina uji, akampa, akavuta stuli. "Mumeo anatoka kazini moja kwa moja kuja huku. Mimi nimeanzia kwa mwanao."

"Hajambo?"

"Hajambo, ila ni mtafutaji huyo. Wameniruhusu nimpakate kidogo. Nikasema ngoja nimtazame vizuri nijue pua ni ya nani. Mwenzangu hana habari na pua. Amegeuza kichwa huku, hamna kitu. Amegeuza huku, hamna kitu. Kinywa wazi kama kifaranga. Mwishowe amekuta mkono wa gauni langu, ameukamata." Alinyoosha mkono aonyeshe. "Ananyonya kabisa, tena kwa nguvu. Hapa."

Lilikuwa gauni la buluu ambalo Fundi alimshonea mwenyewe. Kwenye pindo la mkono palikuwa na alama mbichi, duara dogo la mate, kitambaa kimekolea rangi.

Fundi aliligusa kwa kidole. Lilikuwa bado na unyevu.

"Nimemtoa, akalia," mama mkwe aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Kilio chenyewe cha kujaribu tu. Halafu akanyamaza kama mtu aliyekata tamaa dukani."

Fundi aliweka kikombe cha uji pembeni. Aliinua macho kumtafuta muuguzi.

"Sista. Nipe mto."

Redio akamrushia wa kwake. "Chukua huu, umeshazoea kazi!"

Walimwinua kama alivyoelekezwa: kwanza ageuke ubavu, miguu ishuke, kisha mkono usukume kitanda. Maumivu yalikuja kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa, yakakaa mahali pamoja, yakaunguza. Alisimama amejikunja, mto umebanwa tumboni, macho sakafuni. Dunia ilizunguka kidogo ikatulia.

"Kumefumuka?" aliuliza.

Muuguzi alichungulia bandeji. "Kukavu kabisa. Pumua. Twende kama wazee."

Wakaenda kama wazee. Mama mkwe upande huu, muuguzi upande ule, na kila baada ya hatua chache Fundi aliwasimamisha, akasikiliza. Alikuwa akisikiliza ile sauti anayoijua, tr-r-r-r, ya mshono uliozidiwa. Haikuja. Lilikuja gurudumu la toroli ya dawa, ukaja mlio wa ndoo kwenye sakafu, zikaja kelele za Redio nyuma yao: "Fundi huyo! Mpisheni, amevaa mpya!"

"Mama, mwambieni anyamaze, nitacheka."

"Cheka, ubane mto," alisema muuguzi.

Alicheka, akabana mto, machozi yakamtoka. Hakikukatika kitu.

Chumba cha watoto kilikuwa na joto kama jiko la asubuhi. Wakamkalisha kwenye kiti chenye mgongo mrefu, wakamwekea mto mapajani juu ya bandeji, ili mtoto asiuguse mshono, kisha muuguzi wa chumba kile akaleta kifurushi kidogo, akakifunua upande wa uso.

Fundi alimtazama. Alimshika kisogo kwanza. Ndicho pekee alichokuwa anakifahamu.

"Pua ni ya kwetu," mama mkwe alinong'ona.

Mtoto alitafuta mara moja tu. Alipokamata, alikamata kweli, na hapo ndipo jambo lilipotokea: ndani, chini kabisa ya tumbo, kitu kilivutika. Hakikuwa kwenye ngozi. Kilikuwa ndani zaidi, kizito, kinajikaza. Fundi aliganda. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye shavu la mtoto, kidole tayari kumbandua.

"Sista, kinavutwa! Ndani kinavutwa!"

"Ndiyo," alisema muuguzi bila kushtuka. "Ni mfuko wa uzazi unajikaza. Kila akinyonya, unajikunja urudi udogo wake. Ndivyo unavyopona. Ukimtoa, utasimama. Ukimwacha, utaendelea."

Yeye na mama mkwe waliutazama mkono wa Fundi.

Kidole kilibaki pale kwenye shavu, kikisikia taya dogo linavyofanya kazi: vuta, pumzika, vuta. Mwendo ule aliujua. Na akiwa anausikiliza, alikumbuka uzi mweupe wa kushikizia, ule wa bei ya chini anaoupitisha kwa mkono, hatua ndefu ndefu, kabla ya kupeleka nguo kwenye cherehani. Hakuna anayeutegemea uzi ule. Kazi yake ni kuweka vipande pamoja mpaka mshono wenyewe upite. Kisha unavutwa, unatupwa, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza umekwenda wapi. Daktari alikuwa ameshikiza tu. Nyama kwa nyama zingejishona zenyewe, na yeye alikuwa amezilaza chali, akizisubirisha, kama gauni kwenye msumari.

Alikiondoa kidole kwenye shavu, akakilaza kisogoni.

"Kinyozi hajinyoi," alisema polepole.

"Hajinyoi," mama mkwe aliitikia, akavuta shuka limfunike bega.

Tumbo lilivuta tena, naye aliuma mdomo akaliacha livute. Baada ya muda mtoto alimeza kitu, safari hii kwa sauti, na pembeni ya kinywa chake pakatokea tone jeupe, likateleza, likaingia kwenye pindo la shuka.

Walimkuta Redio mlangoni mwa wodi waliporudi, mikono mitupu, anauchungulia mto wake.

"Enhe, Fundi. Nguo iliyoshonwa juzi inavaliwa lini?"

"Imeshavaliwa," alijibu Fundi. Alikuwa bado amejikunja, lakini si kama mwanzo. "Na mto sikurudishii. Nakwenda tena akiamka."